Wenye Jina Lile Waliobaki Maskati

Kliniki ile iko Khuwair ya Kusini, juu ya duka la miwani, na lifti yake ina desturi ya kugoma siku ambayo goti langu nalo limegoma. Mara ya kwanza nilipofika kwa yule mama mnyoosha viungo nilikuwa nimepanda ngazi, nnahema, nimeikasirikia dunia nzima. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo mama. Pole na ngazi."

Nusura nianguke. Mzungu, nywele nyeupe zimekatwa kama za mwanamme, kavaa raba, na Kiswahili cha bara kimemjaa kinywani. Kumbe alifanya kazi miaka mingi hospitali ya misheni huko bara, karibu na ziwa, akiwanyoosha watu viungo, kabla hajaja kutunyoosha sisi wa Maskati.

"Marahaba," nikamjibu. "Lakini mimi na wewe nani mkubwa? Usinizeeshe."

"Shikamoo ni ya goti," akasema. "Wewe kijana. Goti ndilo bibi kizee."

Basi hapo akanipata. Nikapanda kitandani, akalishika goti kwa mikono miwili kama mtu anayepapasa embe kujua limeiva wapi. Halafu akasoma kadi yangu kwa sauti, jina langu, la baba, la babu, mpaka kabila.

"Hili kabila nalisikia kila siku," akasema. "Ni kubwa?"

"Ukirusha jiwe Maskati litampiga mwenye nalo, na atakayekuja kukugombeza ni binamu yake."

"Na wewe ni wao?"

Sisi tuliotoka Zinjibari tuna tabia moja: tukikutana, tunaulizana kabila kabla hatujaulizana hali. Nimeulizwa harusini, nimeulizwa matangani, nimeulizwa na mwanamke tuliyekuwa sote foleni ya nyama. Lakini wote huuliza kabila gani, wakapokea jibu, wakaridhika. Hajapata mtu kuniuliza, na wewe ni wao? Sijui kwa nini nikamwambia kweli. Labda kwa kuwa mguu wangu ulikuwa mikononi mwake.

"Mimi nimeazimwa," nikasema.

Jina langu la haki, la baba yangu, sitaliandika hapa, wala sitaandika jina la mtu yeyote. Si kwa kuogopa. Jina nililokatazwa kulitamka nikiwa mtoto siwezi leo kulimwaga kwenye karatasi kama mchele wa kuku. Lakini walionikataza nitawataja kwa nafasi zao, na katika mji huu nafasi ya mtu inatosha, wanaowajua watawajua. Wa kwanza ni ami yangu, ndugu wa baba yangu, baba mmoja mama mmoja. Wa pili ni mkewe. Wa tatu ni kaka wa mkewe, aliyekuwa amekaa palepale siku nilipokanwa, anajua kila kitu, akala halua akanyamaza.

Baba alifia Unguja kwa homa nikiwa mdogo. Mama yangu alikuwa Mmakunduchi, mweusi wa kumeremeta, na baba alimuoa kwa mahari na mashahidi, mbele ya ami huyohuyo. Nchi hii ilipowafungulia mlango watu wake waliokuwa Afrika, ami akaja kwa mama akasema, nipe mtoto wa ndugu yangu nimpeleke kwao, akasome. Mama akanisuka, akanivisha gauni la njano, akanitoa. Sikumuona tena. Niliporudi Unguja nilikuwa na watoto wangu mwenyewe, nikaoneshwa kaburi.

Wakati ule mtu akirudi hana karatasi ya maana, ila ana kabila, na kabila lina sheikh wake. Sheikh akisema huyu ni wetu, umekuwa wao. Asiposema, unabaki juani. Tukapelekwa mbele ya sheikh sote, wanawe ami na mimi, tumepangwa kwa urefu. Ami akawa anatutaja. Huyu mwanangu, huyu mwanangu, huyu binti yangu. Ikafika zamu yangu.

"Na huyu?" sheikh akauliza.

Ami akasema, "Huyu tunaye tu nyumbani."

Ndiyo basi. Sheikh akanyoosha mkono kuchukua kahawa, mambo yakaendelea. Mimi nilifikiri ni jambo zuri, kuwa nyumbani. Nilielewa baadaye, mkewe aliponieleza huku ameniinamia ili asikie mimi tu: nisijitaje kwa jina lao mbele za watu, kwa kuwa ana mabinti wa kuozesha, na nywele zangu hizi zitawafukuzia wachumba. Nilisoma madarasa mawili. La tatu, mke wa ami alijifungua, akauliza nyumba nzima, "Sasa nani atambeba mtoto?" na nyumba nzima ikanitazama mimi.

Nilimbeba huyo, nikambeba aliyemfuata. Tulikuwa tukikaa Wadi Kabir, kabla gereji hazijaijaza. Nikapika, nikafua, nikapiga pasi kanzu za wanaume, na nikapigwa, kwa mwiko, kwa waya, kwa chochote kilichokuwa karibu. Goti hili analolipapasa Mkatalani lilianza kuharibika kwenye sakafu ya jiko lile.

Nimeandika Mkatalani. Ndivyo alivyotaka. Siku ya pili nilimwita Mhispania, akasita kuninyoosha. "Si Mhispania, mama. Mkatalani." Nikamwambia usihangaike, nnaelewa sana. Sisi kule Unguja tulikuwa Wamanga, tumefika huku tumekuwa Wazinjibari. Kwetu hatujapajua bado ni wapi.

Alicheka, akaniambia habari ya jina lake. Nalo ni jina la watu wachache. Asili yake si mtu, ni nyumba. Nyumba ya mawe, ya wakulima, iliyojengwa upande wa mlima usiopata jua, upande ambao barafu ya asubuhi huwa haijayeyuka mpaka saa sita mchana. Watu wa bondeni wakaiita nyumba ile kwa jina la kivuli kile, na waliokaa ndani wakaitwa hivyohivyo. Kwao, alisema, mtoto mmoja tu ndiye anayerithi nyumba, wengine wanatoka na nguo zao. Akikosekana wa kiume anarithi wa kike, na mume ndiye anayehamia.

"Akihamia, jina lake analiacha mlangoni," akasema. "Babu wa babu yangu alizaliwa na jina lingine kabisa. Akaoa msichana wa nyumba yetu, akalala humo, akakata kuni. Watu wakamwita kwa nyumba. Padri naye akamwandika kwa nyumba. Watoto wake wote, nyumba."

"Ati mwanamme?"

"Mwanamme na masharubu yake."

"Haram aleik," nikasema. "Na hakuona haya?"

"Aone haya ya nini? Alikuwa anaota moto wa nyumba hiyo. Kwetu jina ni la yule anayewasha moto."

Nikafumba macho. Akadhani kaniumiza, akaliachia goti. Sikuwa nimeumia goti.

Tukaendelea hivyo, kila nikienda, ananikunja huku tunasimuliana. Nikamuuliza, sasa mko wangapi? Akasema wakikusanyika wote duniani hawajazi kanisa la kijiji chao, na kanisa lenyewe ni dogo, na nusu ya mabenchi yameliwa na mchwa. Vijana walishuka mabondeni kwenda viwanda vya nguo. Wengine walivuka milima wakaenda Ufaransa wasirudi. Wengine walizaa mabinti, jina la mama likawa la pili nyuma ya la baba, na katika kizazi kinachofuata likadondoka kama jani. Kaka yake, ambaye kafa, kaacha mabinti wawili. "Mmoja hataki kuzaa," akasema, "na mwingine kazaa paka." Mwaka mmoja alichukua simu akawapigia wote aliowapata. Kuna mzee mmoja wa mji wa pwani alipokea, akasikia mtu anamtajia jina lake mwenyewe, akasema, "Sinunui kitu," akakata. Akampigia tena. Akamwambia, sikuuzii, na mimi naitwa hivyo. Yule mzee akaanza kulia. Alikuwa hajawahi kusikia jina lake kwa mtu asiyekuwa wa nyumbani kwake.

"Na nyie?" akaniuliza. "Wa jina lile la haki."

Nikamsimulia nilivyosimuliwa na baba, aliyekuwa akinyoa ndevu mimi nimemshikia kioo. Jina letu nalo ni la mahali. Kilikuwa kijiji nyuma ya milima, kinaishi kwa falaj mmoja, mfereji wa maji uliochimbwa chini ya ardhi na watu ambao hakuna anayewajua. Mafuriko yakaufukia. Mitende ikafa. Watu wakagawanyika: wengine wakaingia makabila ya jirani wakameza majina ya wenyeji wao, wengine wakavuka bahari wakapanda karafuu. Huko Unguja, baada ya Mapinduzi, wapo waliolivua jina kama mtu anavyovua kofia, wakabaki na la baba na la babu tu, na hawajalivaa tena mpaka leo.

Marehemu mume wangu alikuwa na teksi. Siku moja, tena siku ya kazi, akazima redio akasema, twende tukapaone kwenu. Tukaenda tukiuliza njia mpaka lami ikaisha. Tukakuta kuta za udongo zimefika magotini, mdomo wa falaj umejaa kokoto, na mbuzi mmoja kasimama juu ya jiwe anatutazama. Mume wangu akashuka, akapangusa vumbi, akamtazama yule mbuzi, akaniambia, "Kamsalimie. Huenda ni binamu yako." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Na nilipokaa nikalia, naye akakaa karibu yangu, akamenya chungwa akanipa vipande viwili viwili. Mwanamme yule hakuwa na kabila kubwa wala jina refu. Alijua tu wakati wa kumenya chungwa.

Basi wenye jina waliobaki, kwa ninavyosikia maharusini, ni hawa: nyumba ya ami, ambayo sasa iko Ansab, ghorofa mbili na bustani, pamoja na wanawe na wajukuu. Dada wawili wazee wa Khuwair ambao hawakuolewa. Mzee mmoja yuko Sur, ana watoto. Na wachache ambao hawajijui. Wote wanaenea kwenye basi dogo na kiti kinabaki.

"Kiti chako," akasema Mkatalani.

Nilipofika umri wa kuolewa nilitakiwa niwe na kadi, na kadi inataka kabila. Ami akasema hana la kusema. Aliyesimama ni jirani yetu wa Wadi Kabir, mzee aliyekuwa na duka la vitambaa, wa kabila hilo kubwa la kurushiwa jiwe. Alikuwa akiniona kila siku napita na ndoo. Akavaa bishti, joho la heshima, akaenda, akasema, "Mwandikeni kwangu." Hakutaka asante. Nilipompelekea sahani ya vitumbua akaniuliza kama nimemdhania njaa. Mungu amrehemu na amuweke pema. Nimeishi ndani ya jina lake kama mtu anavyoishi nyumba ya hisani: nimelifagia, sijalivunjia kitu. Lakini usiku na mchana nikijua kuwa si langu.

Ndipo akanipigia simu binamu yangu, mtoto mkubwa wa ami, huyu aliyepangwa mbele yangu siku ile kwa urefu. Ana cheo, ana gari, na ana methali.

"Dada yangu, mzee hali yake si nzuri," akasema. "Anataka mtakane radhi. Ananiuliza kila siku, kaja? Kaja?"

"Miaka yote hii hakuniuliza."

"Yaliyopita si ndwele, dada."

"Ndwele nnayo mimi gotini. Muulize nimeipata jikoni kwa nani."

Halafu akasema, polepole, kama mtoto, "Njoo tu. Nnakuomba mimi."

Wenzetu wa dini nyingine sijui wanafanyaje. Sisi mtu akihisi safari imekaribia, anawatafuta aliowakosea, maana anajua haki ya mja haifutiki ila mja mwenyewe asamehe. Ami alikuwa ananihitaji. Kwa mara ya kwanza tangu gauni la njano nilikuwa na kitu anachokitaka, na sikutaka kukitoa bure. Nilitaka aseme. Mbele ya wanawe na mkewe, kwa mdomo uleule: huyu ni binti wa ndugu yangu. Aseme, nami nitasamehe mpaka ule waya.

Nikamwambia Mkatalani. Alikuwa ananifunga bandeji.

"Na asiposema?"

"Nitaondoka na radhi yangu mkobani."

"Kwetu usingekwenda kumuuliza," akasema. "Nani alikuwa anawasha moto nyumba ile?"

"Mimi."

"Basi nyumba ilikwishasema."

"Shoga yangu," nikamwambia, "kwenu nyumba zinasema. Kwetu wanasema wanaume."

Nikaenda Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Nilijifukiza udi, nikavaa abaya yangu ya Idi. Njiani kwenye teksi nikawa nnayarudia maneno yangu mpaka dereva akauliza kama nnazungumza naye.

Walikuwa wamejaa chumbani: wanawe, mabinti wao walioolewa vizuri, wajukuu wameinamia simu. Mkewe ami kakaa karibu na kichwa cha kitanda, kapungua. Nikampa mkono. Akaushika kidogo kuliko nilivyotaka aushike, akauachia. Na ami. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta ami yangu, mrefu, mwenye sauti. Nilikuta mifupa imefunikwa shuka, na midomo imepasuka kwa ukavu.

"Kaja," binamu akamwambia sikioni. "Huyu hapa."

Akafungua macho. Sijui aliniona au aliisikia harufu yangu. "Nipe radhi," akasema.

"Ami," nikasema, "nitakupa. Lakini kwanza nataka neno moja, wasikie hawa. Mimi binti wa nani?"

Wote wakamgeukia. Hata watoto waliinua macho. Mkewe akaanza kuzivuta shanga za tasbihi, haraka haraka. Ami alinitazama, nikaona kuwa amenisikia vizuri. Nikaona neno limefika karibu, limesimama nyuma ya meno. Kisha akageuza uso ukutani. "Maji," akasema.

Kila mtu alikuwa na mwanawe, na mume, na simu. Aliyenyanyuka kwenda kuchukua maji ni mimi. Miguu ilinipeleka yenyewe, jikoni, kabati la kushoto, glasi. Nyumba sijawahi kuishi, lakini jiko kalipanga yule mwanamke, na mpango wake nnaujua. Nikarudi, nikamnyanyua kichwa, nikamnywesha kwa kijiko. Kichwa kilikuwa chepesi. Uzito wake ulikuwa kama wa kichwa cha yule mtoto wake wa kwanza niliyembeba, siku zile za kwanza, basi.

"Unaona, dada?" binamu akasema, macho yamemjaa. "Damu nzito kuliko maji."

"Maji nimechota mimi," nikamwambia. "Damu mnaijua nyie."

Nikamlaza ami. Nikamwambia maneno ambayo sikuyarudia kwenye teksi, hata sikujua kama nnayo. Nikamwambia, "Ami, kwa kunipiga, nimekusamehe. Kwa kunitoa skuli, nimekusamehe. Kwa mama yangu niliyemkuta kaburi, nimekusamehe, na Mungu anisaidie. Lakini jina ni la baba yangu. Hilo si langu kulisamehe. Utakutana naye, mtazungumza wenyewe."

Akafunga macho. Chozi lilitoka au ni maji ya kijiko, sijui, sikumpangusa. Nikaaga, nikaondoka, na lango lao likajifunga lenyewe nyuma yangu.

Nilirudi kliniki nikamwambia Mkatalani nimeshindwa. Hakusema kitu cha kunipa moyo, na nikampenda kwa hilo. Siku ile hakunikunja. Alikanda tu, na mafuta ya moto, muda mrefu, kama mama anavyomkanda mtoto mchanga baada ya kumuogesha.

Ami akafa wiki ileile. Wanaume wakazika. Makaburi yetu Waomani hayaandikwi jina, ni jiwe tupu kichwani na jiwe tupu miguuni, na nilipoambiwa kwamba wamekwishamaliza nilifikiri: yote yale, na sasa kalala pasipo jina, kama alivyoniacha mimi.

Nilikwenda matangani kwa kuwa asiyekwenda husemwa. Nikaingia kama nilivyozoea, mlango wa nyuma. Matanga ya wanawake yana mpango wake: wafiwa wanakaa mstari mmoja ukutani, mjane na mabinti na damu ya karibu. Wageni wanaingia, wanapita mbele yao kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wanawapa mkono mmoja mmoja, "Ahsana Allahu azaakum," halafu wanakwenda kukaa upande wa pili. Kwa kawaida hakuna anayeuliza nani ni nani. Ulipokaa ndipo ulipo. Na kuna sisi wengine, wa kupitisha kahawa, ambao hatupewi mkono kwa kuwa mikono yetu ina dele na vikombe.

Nikachukua dele. Nikamimina mstari wa wageni, nikamimina mstari wa wafiwa, nikafika kwa mkewe ami, mjane sasa, kavaa nguo za eda. Nikamnyooshea kikombe. Hakukichukua. Alikuwa ananitazama magoti.

"Hili la kulia ndilo linalokuuma?" akaniuliza.

"Ndilo."

"Langu la kushoto." Akavuta pumzi. Nilidhani atasema jambo. Mwanamke yule hakuwahi kusema jambo maisha yake yote, na hakulisema. Alimgeukia binti yake mkubwa, yule aliyehofiwa kukosa mchumba kwa nywele zangu. "Sogea," akamwambia. "Sogea, dada yako akae."

Binti akasogea. Mstari mzima ukasogea, kila mmoja akimsukuma mwenzie kidogo, mpaka ukutani pakatokea nafasi ya mtu mmoja. Binti mkubwa akaninyang'anya dele mkononi, akaenda kumimina yeye. Alimimina vibaya, kikombe kikafurika.

Nikakaa. Goti likalia. Wakaingia wageni wapya, akina mama wa Kizinjibari na abaya zao na udi wao, wakapita mstarini. Mmoja alinifikia, akanipa mkono, akaushikilia.

"Huyu nani? Simjui," akamuuliza mjane.

"Binti wa shemeji yangu," akasema mjane, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. "Yule wa Unguja, ndugu wa marehemu."

"Aa," yule mama akasema, akanibana vidole. "Mumefiwa, mama. Ami ni baba." Akaenda zake kukaa.

Sijamsamehe mjane yule. Niliandika mwanzo kuwa ni wa pili, na wa pili atabaki. Neno lile lilikuwa la kusemwa mbele ya sheikh, lina thamani siku ile, kwa mtoto yule wa gauni la njano. Limekuja kusemwa baina ya kahawa na tende, na kadi yangu bado ni ya kuazima, na nitazikwa nayo. Lakini nilikaa mstarini siku zote za matanga, na kila aliyeingia alinipa mkono, na kila niliporudi nyumbani nilinusa viganja vyangu, vina udi wa watu wengi.

Nilipopanda tena zile ngazi za kliniki Mkatalani alikuwa kashasikia, maana mji huu hauna siri. Akanilaza, akalishika bibi kizee.

"Haya niambie," akasema. "Wenye jina lile mko wangapi sasa?"

Nikafikiri. "Walewale," nikamwambia. "Katoka mmoja, kaingia mmoja."

Akacheka, halafu akaacha kucheka, halafu akalikunja goti langu, taratibu, mpaka lilipofika mahali ambapo halijafika miaka mingi, na mimi, mtu mzima na wajukuu zangu, nikamwita mama yangu.